Pedali Iliyokufa Kila Baada ya Mteremko

Wengi wenu mmeingia ndani ya gari langu siku hizi, mkaziba pua, kisha mkauliza. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu mwanzo, yule mwisho, mpaka habari yenyewe inanirudia ikiwa na wafu ambao mimi nimekula nao wali jana. Basi haya hapa yote, tangu Karuba mpaka tulikofika. Asiyetaka kusoma aendelee kuziba pua.

Karuba: maziwa hupanda mbele

Dada yangu Furaha ameolewa mbali, kijiji cha msituni kupita Kalembe, tayari upande wa Walikale. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa. Tumbo la pili lilipokuwa kubwa, daktari alimwambia waziwazi: usijaribu kuzalia kijijini, kovu linaweza kuchanika, njoo hospitali ya Mweso kabla uchungu haujaanza. Mumewe alikuwa mji wa Mubi na mizigo yake ya biashara, na simu za huko hushika zinapotaka. Kumpandisha mama wa namna hiyo kwenye pikipiki katika barabara ile ni kumuua polepole. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, nina gereji Sake na gari langu kuukuu lenye usukani kulia. Nani mwingine angekwenda? Niliogopa kuchelewa.

Nilipitia Karuba kumchukua shangazi Mapendo, dada ya marehemu baba. Ndiye aliyetulea mimi na Furaha, kwa maziwa ya ng'ombe wake na kwa fimbo. Kwetu huendi kumchukua binti kwa wakwe mikono mitupu, hata kama nyumba inaungua. Nilimkuta amesimama mlangoni na bidoni, dumu la maziwa, imejaa mpaka shingoni, imezibwa kwa jani la mgomba lililokunjwa.

"Tia nyuma na mizigo, shangazi."

"Nyuma? Maziwa ya bakwe?" Aliniangalia kama aliyemkuta mwizi zizini. "Nyuma kuko gurudumu na mafuta yako ya moteur. Maziwa ya bakwe inaenda mbele, na muntu anaichunga. Weye Espoir, nani alikufundisha?"

Ikapanda mbele, upande wa kushoto, katikati ya miguu yake. Kabla sijawasha injini, hiyo moteur, alifumba macho akaomba: Mungu atufikishe, mtoto afike, na maziwa yafike yamejaa. Nikasema amina bila kusikiliza vizuri, maana nilikuwa nikiangalia mawingu.

Karuba hadi Kitchanga

Mnavijua vilima vyetu: malisho, ukungu, ng'ombe katikati ya njia ambao hawajui kwamba kuna mtu mwenye haraka. Tulikula viazi vya kuchemsha na kipande cha jibini tukiwa tunaenda. Kisha ukaja mteremko mrefu kabla ya Kitchanga. Tulipofika chini nikakanyaga pedali ya mafuta ili tupande ng'ambo, na gari halikunijibu. Injini ilikuwa hai, inanguruma kwa upole, lakini nilikanyaga mpaka sakafuni na ilikuwa kama nimekanyaga godoro. Taa ya rangi ya chungwa ikawaka mbele yangu.

Niwaeleze kidogo, wale msio mafundi. Katika magari ya zamani mguu ulivuta kamba ya chuma, na kamba ikafungua kilango cha hewa cha injini, kile tunachokiita papillon. Magari ya siku hizi hayana kamba. Pedali ina vipimo viwili vya umeme vinavyopeleka habari ileile kwa kompyuta ya injini, kila kimoja kwa waya zake. Vikisema neno moja, kompyuta inafungua kilango. Vikipingana, haiamini hata kimoja: inawasha taa na kukuachia mwendo wa kobe, usije ukaruka korongoni kwa kosa la waya. Mjini ni busara nzuri. Katika barabara zetu ni kifungo.

Nilizima, nikahesabu pumzi kadhaa, nikawasha. Pedali ikafufuka.

"Iko nini?" shangazi akauliza.

"Sijue bado."

"Weye njo fundi," alisema, yaani mimi ndiye fundi. Alikuwa amefungua kitenge chake cha juu na kukizungushia miguu. Nilidhani ni baridi, na harufu ya maziwa nilidhani ni ya bidoni.

Kitchanga nilichomeka skana yangu chini ya usukani. Ikaniambia nilichokuwa nakihofia: vipimo viwili vya pedali havipatani. Lakini mimi mkaidi. Wiki ile nilikuwa nimetengeneza magari yenye papillon chafu, na fundi hupenda ugonjwa alioutibu jana. Nikaifungua papillon yangu pembeni mwa soko. Ilikuwa na masizi kweli. Nikaisafisha, nikafunga, tukaondoka nikipiga mluzi. Mluzi ulikatika chini ya mteremko uliofuata.

Mweso: pedali ya Papa Kasereka

Mweso tulipita mbele ya hospitali yenyewe tuliyokuwa tunataka kumleta Furaha. Akina mama walikuwa wameanika nguo za watoto kwenye ua. Nilitamani angekuwa yuko pale tayari, na sisi tunamletea uji tu.

Fundi wa pale ni Papa Kasereka, mtu mnene asiyeharakishwa na yeyote. Alinusa tundu la tangi langu.

"Iko mafuta. Munanunua mafuta ya chupa, iko na maji ndani."

"Papa, mafuta mabaya ingezimisha moteur. Moteur haizime. Pedali njo inakufa."

"Kama uko unajua, ulikuja kufanya nini huku?"

Nilimbembeleza. Ukutani alikuwa na pedali ya gari la aina yangu, lililoanguka mtoni. Tulipokuwa tunasubiri amalize sahani yake ya maharagwe, nilikaa kwenye jiwe nikifikiri. Kulikuwa na jambo lisiloingia akilini. Gari bovu huchoka likipanda. Langu lilipanda vizuri na kufa kila tuliposhuka.

"Labda inaogopa kushuka," shangazi alisema. Hakucheka, na alikuwa bado ndani ya gari. Tangu Karuba hakutoka ila kwa haja, na alipotoka alifunga mlango wake upesi kama mwenye kuku ndani.

Tulibadilisha pedali. Nikaijaribu mbele ya gereji, ikaitika vizuri kama mtoto wa shule.

"Njo hii sasa," Papa Kasereka akasema.

Hatujaiona Kalembe bado, mteremko mwingine, na pedali ile ya ukutani ikafa vilevile kama ya kwanza. Papillon si yenyewe, pedali si yenyewe. Zilibaki waya za katikati, au kompyuta yenyewe, na kompyuta ikifa hakuna anayeiuza kati ya pale na Goma.

Kalembe: kamba

Tulilala Kalembe kwa mkatekista mmoja. Alitupa fufu na sombe, ugali wa muhogo na majani yake, akamwombea Furaha kwa jina, na mimi safari hii nilisikiliza sala mpaka mwisho.

Asubuhi, panapoanza barabara ya msitu, kuna kamba iliyovutwa toka mti hadi mti, na vijana wenye bunduki. Kwenda pale ni kushuka. Mmejua kilichotokea. Mmoja aliteremsha kamba, akapunga mkono.

"Pita mbio!"

Nikakanyaga. Gari likatambaa likasimama juu ya kamba yenyewe.

"Weye, nasema songa!"

"Chef, gari iko inagoma."

"Inagoma fasi hii? Fasi ya bunduki njo ulichagua ya kuegamisha gari?" Alipiga boneti kwa kiganja, na wenzake wawili wakainuka kutoka kwenye benchi. Mikono yangu ilikuwa juu ya usukani, wazi. Shangazi alikuwa anaangalia mbele, midomo inakwenda. Nilimweleza yule kijana kwa sauti ya chini kwamba ninazima, kisha ninawasha, na kwamba mkono wangu unaenda kwenye ufunguo. Nikazima. Nikawasha. Tukapita.

Alitufuata kwa miguu hatua kadhaa, akainama dirishani pangu.

"Munarudia leo?"

"Leo, na mama mwenye mimba."

"Jua ikianguka, kamba haishuke tena. Hata kama ni mama ya nani."

Kijijini: bidoni nusu

Tulifika kabla ya jua la utosi. Furaha alitoka nje akishika mlango, uso umevimba, akanikumbatia kwa ubavu kwa sababu ya tumbo. Mama mkwe wake, Mama Sifa, ni mwanamke mrefu, mpole, anayesikia zaidi ya unavyosema. Alipokea bidoni kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa. Kisha akasimama nayo. Akaipima tena. Maziwa yakagonga ndani, ukasikika upungufu wake.

"Maziwa ya kwenu Masisi siku hizi inakuja nusu?"

Nilimwangalia shangazi. Bidoni ile niliiona kwa macho yangu imejaa mpaka shingoni.

"Ilishuka kwa kuchacha," shangazi alisema.

Maziwa yakichacha hayashuki. Yanapanda, yanasukuma kizibo. Mtu yeyote wa Karuba anajua hivyo, na nadhani Mama Sifa naye alijua.

Walituandalia lituma, ile ndizi ya kuponda, na samaki wa mtoni mwekundu kwa mawese. Chakula kitamu kuliko vyote vya safari, nami nilikila nikiangalia jua. Tulipomaliza, Furaha alileta mfuko wake, na Mama Sifa akauwekea mkono.

"Mutoto yangu iko Mubi. Mumungoje."

"Mama, docteur alisema..." nikaanza.

"Nasikia docteur. Lakini nasikia pia bidoni. Bantu banaleta maziwa imejaa kama banataka urafiki iendelee. Banaleta nusu kama banakuja kukamata binti yabo kwa kumaliza. Munamurudisha kwenu, bwana yake hayuko. Si njo vile?"

Nilitaka kucheka kwa uchungu. Nusu siku ilikuwa inaondoka kwa ajili ya maziwa! Niliapa kwa kaburi la baba kwamba tunakwenda hospitali tu. Shangazi, ambaye kwa kawaida anaweza kubishana na mvua, aliinamisha kichwa tu. Mtu akatumwa kilimani kutafuta mtandao wa simu kumpata mume, akarudi mikono mitupu. Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Ndipo Furaha akashika nguzo ya nyumba, akafunga meno, na jasho likamtoka shingoni. Mama Sifa alimwangalia muda wote wa uchungu ule, kisha akaondoa mkono kwenye mfuko.

"Muende. Lakini nitakuja kuuliza."

Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Aliyamimina maziwa kwenye chungu chake, akaosha bidoni, akaijaza mawese, akaiweka mbele ya shangazi. "Ya kwetu imejaa," alisema.

Msituni: chini ya carpet

Furaha alilala kiti cha nyuma. Shangazi alikaa mbele na mawese yake. Tulienda vizuri mpaka mahali njia inaposhuka kwenye kijito chenye daraja la magogo. Tulivuka. Mbele yetu kilisimama kilima chekundu, chenye utelezi, na pedali ikafa.

Nilizima, nikawasha. Haikufufuka. Mara ya tatu, ya nne, taa ileile. Kwa mwendo wa kobe gari halipandi kilima kile, linarudi nyuma kwenye magogo. Hapakuwa na pikipiki wala lori. Nyuma Furaha alianza kulia kimyakimya, na Furaha si mtu wa kulia.

"Kaka," aliniambia, "uchungu inakuja mbio kuliko ya mutoto ya kwanza."

Nilifungua mfuniko chini ya usukani, nikazitikisa waya za pedali moja moja huku skana ikionyesha namba. Upande wangu zote zilikuwa safi, kavu. Nilipiga usukani kwa ngumi, nikapiga kelele, sijui nilimpigia nani.

"Nini ilibadilika? Gari hii ilikuwa muzima Sake, ilikuwa muzima mpaka Karuba! Nini ilibadilika?"

Shangazi alishuka. Akaja upande wangu kwenye matope, bila viatu.

"Espoir. Maziwa ilimwangika."

"Nini?"

"Mteremuko ya kwanza, kizibo ilitoka. Ilimwangika kwa miguu yangu. Nilipanguza na kitenge. Ikamwangika tena." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Maziwa ya zawadi kumwangika kwa njia, na mutoto hajazaliwa, iko mukosi... Nitatoa wapi kinywa ya kusema ile? Nilisema nikinyamaza, itakuwa kama haikukuwa."

Nilikimbilia upande wake, nikainua carpet. Harufu ilinipiga usoni. Magari ya aina yangu yana kompyuta ya injini hapo hapo, mbele ya miguu ya abiria, nyuma ya kipande cha plastiki. Mimi siku mbili nilikuwa natafuta upande wa pedali kwa sababu pedali iko upande wa mguu wangu! Kila tuliposhuka, maji ya maziwa yalitiririka mbele mpaka kwenye plagi ya waya. Tulipopanda, yalirudi nyuma. Nilichomoa plagi: kati ya pini zake kulikuwa na ukungu mweupe, mgumu, jibini kabisa. Umeme wa kipimo kimoja ulikuwa unavujia kwa kingine, na kompyuta ilikuwa na haki yake kutoamini.

"Furaha, una alkoli kwa mufuko yako?"

Alikuwa nayo. Chupa ya alkoli na pamba, vya kumfutia mtoto kitovu. Nilitenga betri, nikasafisha kila pini kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, nikapuliza, nikafuta, nikasafisha tena. Shangazi alishika plagi juu ya kiganja chake kama anayeshika ndege. Alichana kitenge chake, nikazifunga waya juu, mbali na sakafu. Nikarudisha betri, nikafuta kosa kwenye skana, nikakanyaga.

Injini ilipiga kelele nzuri. Sioni aibu kusema nililia.

Tena Kalembe, mpaka Mweso

Safari hii shangazi alikaa nyuma, kichwa cha Furaha mapajani mwake, mawese yamebanwa kati ya magoti. Tuliifikia kamba jua likiwa limebaki ukucha. Kijana wa asubuhi alikuwa ameanza kuikaza. Alitia kichwa dirishani, akasikia Furaha anavyopumua, akaangalia jua, akaangalia wenzake. Kamba ikashuka. Gari halikugoma.

Tulikuwa katikati ya Kalembe na Mweso, njia imeinama, mimi nasikiliza pedali kuliko ninavyoisikiliza roho yangu, wakati shangazi alipopiga kelele mpaka nikakaribia kuingia shimoni.

"Espoir! Maji yake imemwangika! Imemwangika sasa hivi, sikungoje hata dakika, nakuambia! Kimbiza!"

Nikakanyaga mpaka mwisho, na gari likanisikia.

Hospitali walimpokea kwa machela mlangoni. Tulikaa kwenye benchi, shangazi na mimi na bidoni ya mawese. Daktari alipotoka alisema kovu lilikuwa limekuwa jembamba kama karatasi. Akasema tulikuja saa ya mwisho. Kisha akasema ni msichana, na mama yake anaomba maji ya kunywa.

Kesho yake Mama Sifa alikuja na pikipiki kama alivyoahidi, amejaa matope mpaka kifuani. Alimbeba mjukuu, akamnusa, akamrudisha. Kisha akageukia shangazi, mbele ya wagonjwa wote wa chumba kile.

"Maziwa yetu ingine ilienda wapi?"

Nilifungua kinywa nimtetee. Shangazi alinisukuma kwa kiwiko.

"Ilimwangika, mama. Kwa njia, kwa miguu yangu. Nikaogopa kusema, karibu nimuue mutoto yenu na yetu."

Mama Sifa alikaa kitandani taratibu, akavuta pumzi ndefu.

"Ilimwangika tu?" alisema. "Miye nililia usiku yote, nikifikiri mulitukata." Akamshika shangazi mkono, na hawakuachana mpaka uji ulipoletwa.

Carpet nimeiosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa limau. Harufu haitoki, na nimeshaacha kupigana nayo. Furaha na mtoto wapo Karuba, kwa idhini ya Mama Sifa, wanapata nguvu. Jana shangazi alinipigia simu nikiwa chini ya gari la mteja, nikapokea kwa mkono wenye grisi.

"Espoir, nilimwanga chai juu ya kitanda ya mutoto. Hakuungua, hakuna kitu. Nilisema tu nikuambie mbele."

Nilimshukuru, nikamwambia apanguze.